Nilivyofanikiwa kulima brokoli ya zambarau katika baridi ya Yorkshire

Nimekulia Lushoto, ambako kabichi huwa tayari kuvunwa miezi mitatu hivi baada ya kupandikizwa, kwa hiyo nilipokodi kipande cha shamba la bustani karibu na Leeds, mji wa Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, nilidhani kwamba brokoli nayo ingefuata hesabu hiyo. Sikutambua kuwa mbegu nilizonunua hazikuwa za ile yenye kichwa kimoja kikubwa cha kijani, bali za brokoli ya zambarau, ambayo husiwa Aprili au Mei na kuvunwa mwaka unaofuata, kati ya Februari na Aprili.

Kufikia Novemba ya mwaka wa kwanza nilikuwa na vichaka vya majani vilivyonifika kiunoni, bila dalili yoyote ya ua. Nilipomsimulia mama kwa simu alicheka, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni mboga au mgomba?" Kwa hasira niling'oa mimea minane kati ya kumi na miwili. Mzee anayelima kipande cha jirani ndiye aliyenisihi niiache minne iliyobaki, akinieleza kwamba mmea huu hautoi maua mpaka upitie majuma kadhaa ya baridi. Mwezi Machi ile minne ilichipua vitumba kwenye kila kwapa la jani, wakati ambapo bustani yangu haikuwa na kitu kingine cha kuliwa. Ile minane inaniuma hadi leo.

Siku hizi nasia mbegu kwenye trei mwishoni mwa Aprili na kupandikiza miche mwezi Juni, nikiacha sentimita 60 kati ya mche na mche. Udongo naunyunyizia chokaa mapema, kwa sababu ugonjwa unaovimbisha mizizi ya jamii ya kabichi hustawi penye tindikali, na kamwe sipandi mahali palipokuwa na sukuma wiki mwaka uliotangulia, maana mimea hiyo miwili ni spishi moja. Baada ya kupandikiza naukanyaga udongo kwa kisigino kuzunguka shina, jambo ambalo kwetu lingenipatia karipio. Lakini udongo uliolegea huuacha mmea uyumbishwe na upepo wa Desemba mpaka mizizi ikatike. Septemba napandishia udongo kwenye shina na kuufunga kila mmea kwenye kigingi. Mbolea ya kukuzia nasitisha mwezi Agosti, kwani majani yaliyonona mno hayahimili baridi.

Vipepeo weupe wa kiangazi, ambao viwavi wao hutoboa majani, si tatizo kubwa nikiwahi kuyaponda mayai yao chini ya majani. Adui wa kweli ni njiwa. Theluji ikifunika ardhi hawana chakula kingine, na asubuhi moja ya Januari walinibakizia vijiti vitupu katika nusu ya safu. Wavu ninao sasa, ila nimeuinua juu ya fito ndefu, kwa kuwa ukigusa majani njiwa hutua juu yake na kudonoa kupitia matundu. Theluji ikianguka naenda kuikung'uta kwenye wavu, la sivyo uzito wake huangusha kila kitu.

Usiku mmoja kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 8 chini ya sifuri, na asubuhi majani yalikuwa yamelala kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nilikwisha kuyakatia tamaa, lakini kufikia adhuhuri, barafu ilipoyeyuka, yalikuwa yamesimama tena.

Wakati wa kuvuna, kitumba cha katikati nakikata kwanza ili vya pembeni vikue, kisha narudi kila baada ya siku tatu au nne kabla maua hayajafunguka, na mavuno hayo huendelea kwa takriban majuma sita. Zambarau yake hupotea ikichemshwa na kubaki kijani, jambo lililowasikitisha wanangu. Majani machanga ya juu nayakatakata na kuyakaanga kwa kitunguu na nyanya, tukala kwa ugali.