Daftari la Mzee wa duka

Leo tumemzika Mzee wetu wa duka, hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mliokulia mtaa huu mnalijua lile duka. Ulipe kwa shilingi ya Uganda au ya Kenya, chenji yako ilitoka sawasawa. Saa ya kuswali hafungi, analaza ufagio mlangoni tu, na hakuna aliyeuruka.
Saa moja jioni anafunga, wateja wawepo wasiwepo, akale na wanawe.

Mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, biashara ya mama ilikufa. Tulikula kwa mkopo wa Mzee.

Baada ya maziko binti yake mkubwa ameniita, akanifungulia daftari. Kurasa zinanuka mafuta ya taa. Jina la mama liko pale: sukari nusu kilo, sabuni kipande, unga.
Yote yamepigwa mstari mmoja, na pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala: "Amelipa."

Mama hakulipa, jamani. Ameondoka duniani akilitaja deni lile.

Nimekaa hapa tangu alasiri, machozi hayakauki.

Wewe unamkumbuka kwa lipi? Andika hapa chini, wanawe wanasoma.