Kekeo katika Mkebe wa Rangi

Nyumbani kwa mama ni Mutuini, upande wa Dagoretti, mahali ambapo Nairobi bado ina mahindi, matuta ya sukuma wiki na ng'ombe wawili watatu katika kila boma. Nilirudi kuishi huko mapema mwaka wa 2024 baada ya miaka mingi ya kukaa ghorofani mjini, na kilichonisumbua kwanza hakikuwa ukimya, bali kelele za kwarara. Kabla jua halijachomoza wao hupita juu ya paa la mabati wakipiga yowe ambalo mgeni anaweza kudhani ni la mtu anayevamiwa, kisha hushuka shambani na kutembea polepole kama wazee wanaokagua mpaka wa ardhi, wakidunga udongo kwa midomo yao mirefu iliyopinda ili kutoa minyoo na mabuu. Hao nimewasamehe. Kuzumburu sijawasamehe, kwa kuwa papai likianza kuiva upande mmoja tu, wao wameshalitoboa.

Ndege ninayetaka kumwandika hasa ni kurumbiza, yule mdogo mwenye mstari mweupe juu ya jicho na koo la rangi ya chungwa, ambaye hufika mlangoni pa jiko la kuni kila asubuhi kuokota makombo ya ugali, mkia wake ukitikisika kila anapotua. Yeye na mwenzake walijenga kiota ukutani nyuma ya jiko, ndani ya mkebe mzee wa rangi ambamo mama alikuwa amepanda maua. Mkebe huo uko kimo cha kifua changu, kwa hiyo nilichohitaji ni kusogeza majani kwa kidole ili nione kila kitu.

Wakati huohuo, katikati ya Machi, kekeo alianza kuita. Kekeo wetu ni wa kifua chekundu, na ni rahisi kuishi naye miaka mingi bila kumwona, kwani hukaa juu kabisa ya mti na kutulia kati ya majani huku akirudia sauti zake tatu zinazoteremka, saa nyingine kutwa nzima. Mama huzisikia kama neno moja, "ka-pa-nde, ka-pa-nde," na tangu nikiwa mtoto sijamwona akiweka mbegu ardhini kabla ya kuitwa hivyo. Mwaka huo kekeo hakukosea. Mvua ilinyesha hadi ikapita kiasi, na kufikia mwishoni mwa Aprili mito ya Nairobi ilikuwa imefurika na kubomoa nyumba za watu. Kwetu mlimani tulipoteza matuta machache tu ya mboga.

Siku moja ya mapema Aprili nilisogeza majani nikakuta mayai matatu. Mawili yalikuwa na madoadoa ya hudhurungi, na la tatu lilikuwa la kahawia tupu, kubwa kidogo kuliko mengine. Sikulitilia maanani. Kama siku kumi hivi baadaye nilikuta kinda mmoja, uchi, mwenye ngozi nyeusi na macho yaliyofumba, na chini ya mkebe, juu ya saruji iliyolowa, yalikuwako yale mayai mawili ya madoadoa yakiwa yamepasuka. Nilimlaumu paka wa jirani, ambaye kwa kweli ana makosa mengine mengi.

Jibu nililipata katika matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia kwenye Makavazi ya Nairobi, ambako wapenzi wa ndege hukusanyika chini ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka wa 1909. Nilipowaeleza habari za mkebe, walitazamana na kucheka. Kekeo, waliniambia, hajengi kiota. Jike hunyemelea kiota cha kurumbiza, hutaga yai lake humo na kuondoka moja kwa moja. Kinda wake huanguliwa mapema, na hata kabla hajafumbua macho huyabeba mayai ya wenyewe mgongoni na kuyasukuma nje. Hivyo yule mtabiri wa mvua aliyeheshimiwa nyumbani kwetu kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa ameniachia ile hasara juu ya saruji.

Nakiri kwamba nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimeamua kumtoa. Nilikuwa tayari nimeinua mkono juu ya mkebe mama alipotoka jikoni na kuniuliza ninatafuta nini, nami nikamweleza yote niliyoambiwa. Alisikiliza hadi mwisho, akachungulia mle ndani, kisha akasema, "Huyu naye aliletwa tu, mwanangu. Hakujileta." Akarudi kuchochea moto.

Nikamwacha. Kwa takriban wiki tatu niliwatazama wale wazazi wawili wakileta viwavi na wadudu katikati ya mvua, na kinda akizidi kunenepa hadi akaujaza mkebe wote, mabawa yakining'inia nje ya ukingo. Mwanangu, aliyekuja kumtembelea nyanya yake wikendi moja, alishuhudia jambo ambalo bado analisimulia: kinda alikuwa ameshatoka na kukaa kwenye kamba ya kuanikia nguo, naye kurumbiza, kwa kuwa hakumfikia tena kwa kimo, akatua mgongoni mwake na kuinama ili amtilie kiwavi kinywani. Kinywa hicho kilikuwa wazi kiasi kwamba kichwa kizima cha mlezi kilizama ndani. Kijana aliniuliza kama ndege huyo haoni kwamba mtoto si wake. Nilimwambia anaona chakula kinadaiwa.

Katikati ya Juni kekeo mchanga alitoweka, na mkebe ukabaki mtupu, majani yake yakiwa yamebanwa pembeni kama kitanda alicholalia mgonjwa.

Mwezi wa Oktoba, mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Ngong, sauti ile ilirudi juu ya mti wa jirani: ka-pa-nde, ka-pa-nde. Mama alichukua jembe. Mimi nilizunguka nyuma ya jiko kutazama mkebe.