Nilivyodai mshahara wangu nikicheza mpira Uturuki

Klabu niliyokuwa nikiichezea Uturuki ilikaa miezi miwili bila kunilipa. Mishahara hiyo niliipata yote, na sikuingia mahakamani wala kumlipa wakili. Naeleza nilivyofanya kwa sababu wachezaji wetu wa kike wa Kenya wanaokwenda kucheza nje wanazidi kila msimu. Esse Akida alitangulia, akacheza Israeli kisha Beşiktaş. Jentrix Shikangwa na Corazone Aquino wamevaa jezi ya Simba Queens ya Tanzania. Jirani zetu Watanzania wana Aisha Masaka, aliyetoka BK Häcken ya Uswidi akasajiliwa na Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Hao ndio tunaowasikia. Wengi wetu tunaangukia klabu ndogo, ambako mfuko wa klabu ni mfuko wa mwenyekiti, na biashara zake zikiyumba, mshahara wako nao unayumba.

Mimi ni mtoto wa Malindi. Mpira niliuanza pale uwanja wa Alaskan pamoja na wavulana, nikapita mashindano ya shule za upili, nikachukuliwa na timu ya ligi kuu ya wanawake bara. Kutoka hapo wakala akanipata. Nilipoambiwa Uturuki inanitaka, jambo la kwanza nilitafuta jina la wakala huyo katika orodha ya FIFA, maana tangu 2023 wakala wa wachezaji lazima awe amefanya mtihani na kupewa leseni. Nilimkuta. Ndipo nikaanza kusikiliza maneno yake.

Mkataba wenyewe niliusoma na mama. Mama hajacheza mpira hata siku moja, lakini mikataba anaijua kuliko wakala wengi. Amefanya kazi ya udobi hotelini tangu enzi ambazo watalii wa Kiitalia walikuja Malindi na lira zao, kabla ya yuro kuingia mwaka 2002. Kila masika hoteli nyingi hufunga, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na wengine hawaitwi tena. Mwaka mmoja hoteli aliyokuwapo iliuzwa, na mwenye mpya akasema hao wa zamani hawatambui. Walioshika barua na risiti zao walilipwa haki zao. Waliobaki na ahadi za mdomo walizungushwa mpaka wakachoka. Tangu hapo mama hatupi karatasi, na neno lake ni lile lile: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tukakaa kibarazani, mimi nasoma kwenye simu na kumtafsiria, yeye anauliza. "Watakulipa kwa pesa gani, mwanangu?" Nikamwambia lira ya Uturuki. Akatikisa kichwa. "Hiyo inakaa au inashuka?" Nikatazama. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa haifiki lira 8, na mwisho wa 2023 ilikuwa inakaribia 30. Mshahara uliotajwa kwa lira mwezi wa nane ungekuwa umepungua thamani kabla msimu kwisha. Nilimwandikia wakala kwamba natia saini ikiwa kiasi kimetajwa kwa yuro. Klabu ilivutana naye kidogo, ikakubali.

Maswali mengine ya mama yalikuwa: nani analipa nyumba, tiketi ya kurudi ni ya nani, ukiumia goti nani anakutibu na mshahara unaendelea au unakatwa. Yote hayo tuliyataka yaandikwe. Mimi nikaongeza langu, kwamba mshahara upitie benki kwa jina langu, tarehe fulani ya kila mwezi. Kuna klabu hupenda kukupa sehemu benki na sehemu mkononi. Hiyo ya mkononi siku ya ugomvi huna cha kuionyesha.

Shangazi naye alikuwa na lake, na lilikuwa la haki. Alitaka kujua kama nitavuliwa hijabu. Nikamwonyesha kwamba sheria za mpira zinaruhusu mchezaji kujifunika kichwa tangu 2014, mradi kitambaa kiwe cheusi au cha rangi ya jezi, na kisiwe na pini au kitu cha kumdhuru mtu. Nikamwonyesha na picha ya Nouhaila Benzina wa Morocco, aliyecheza Kombe la Dunia la 2023 na hijabu yake. Shangazi aliitazama picha ile muda mrefu, halafu akaniuliza nasafiri lini.

Maisha ya kule sitayaeleza sana. Mji ulikuwa wa ndani, mbali na bahari, na baridi yake ilinifanya nivae soksi mbili hata usingizini. Uwanja wa mazoezi ulikuwa wa nyasi bandia, mgumu kwa magoti. Adhana niliisikia mara tano kwa siku kama nyumbani, na hilo lilinipa utulivu ambao sikuutarajia. Kocha alikuwa mtu mzuri na nilicheza karibu kila mechi.

Mshahara wa Novemba haukuingia. Tukaambiwa mfadhili amechelewa. Wa Desemba nao ukapita, tukaambiwa tusubiri ligi irudi kutoka mapumzikoni. Wenzangu wazawa walikuwa na familia karibu, wengine na kazi nyingine, wakanyamaza. Sisi wageni tulikuwa tunakopeshana unga na mafuta ya kupikia.

Nilimpigia simu mtu wa KEFWA, chama cha wachezaji wa Kenya ambacho ni mwanachama wa FIFPRO, muungano wa dunia wa vyama vya wachezaji. Akanipeleka moja kwa moja kwenye kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za usajili na uhamisho wa wachezaji. Kinasema hivi kwa ufupi: klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, unaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, ila kwanza uidai kwa maandishi na kuipa muda usiopungua siku 15 kulipa. Mambo ni mawili tu, barua na siku 15. Ukifunga virago ukaondoka kwa hasira kabla ya barua, wewe ndiye unayeonekana umevunja mkataba, na klabu inaweza kukudai fidia.

Barua niliiandika usiku, mezani jikoni, mwenzangu mmoja wa Afrika Magharibi akiisoma begani kwangu. Haikuwa na lawama hata moja. Jina langu, tarehe ya mkataba, kifungu cha mshahara, mwezi wa Novemba kiasi fulani, mwezi wa Desemba kiasi fulani, jumla, namba ya akaunti, tarehe ya mwisho ya kulipa, na sentensi moja kwamba wasipolipa nitautumia huo 14bis. Niliituma kwa barua pepe ya klabu iliyotajwa ndani ya mkataba, nikamtumia na wakala. Asubuhi nikachapisha nakala mbili, nikaenda nazo ofisini. Karani alipokea moja akaiweka kando. Nikamwomba agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye ile ya pili. Alisita, akaangalia mlango wa mwenyekiti, akagonga. Picha ya muhuri ule nilimtumia mama papo hapo, naye akajibu kwa sauti, anacheka kwa furaha.

Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili meneja akaniita akaniambia mambo kama haya hayafanywi kwenye familia. Nikamwambia kwa heshima kwamba barua ina tarehe. Siku moja kabla ya tarehe hiyo pesa ziliingia, miezi yote miwili. Mwenzangu wa jikoni akaandika yake wiki ile ile, naye akalipwa.

Zisingeingia, ningevunja mkataba na kupeleka dai kwenye Mahakama ya Soka ya FIFA. Dai linatumwa kwa mtandao, mchezaji halipishwi gharama za kesi, na una miaka 2 tangu tukio kulileta. Inatosha wewe uwe raia wa nchi moja na klabu iwe ya nchi nyingine. Klabu ikishindwa kesi na bado isilipe, inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji hadi vipindi 3 mfululizo vya usajili. Hilo ndilo linalowatia viongozi hofu.

Gharama yake niliiona. Baada ya barua nilikaa benchi mechi nyingi, na kocha hakuweza kunitazama usoni. Bonasi ya mabao niliyoahidiwa haikuwamo kwenye mkataba na klabu haikutaka kuijadili. Hata hivyo mshahara haukuchelewa tena, nilimaliza msimu, hati ya uhamisho ya kimataifa ikatoka bila mvutano, nikasajiliwa kwingine.

Sasa niko Malindi kwa mapumziko. Kuna kiungo mmoja wa Muyeye, ana miaka 18 imetimia, amepata ofa ya nje. Tumeupitia mkataba wake na mama yake, na mama yangu akaja pia. Nafasi ya aina ya pesa imeachwa wazi, na kuhusu matibabu hakuna kitu. Tumeurudisha kwa wakala na masahihisho yameandikwa pembeni kwa wino mwekundu, na tumempa hadi Ijumaa.