Usiku wa Hasheem na UConn, Aprili 2009

Mtu akinitajia UConn mimi akili inakimbia moja kwa moja Upanga, sebuleni kwa baba wa mshkaji wetu mmoja, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, Aprili 2009. Kwetu saa saba usiku, kule Detroit, Marekani, ndo kwanza jioni. Nusu fainali ya NCAA, mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, UConn na Michigan State, na pale kati kasimama Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3, mtoto wa Dar aliyesoma Makongo, ambaye kikapu chenyewe alianza kukicheza ana miaka 15 hivi. Sisi jioni zetu zote zilikuwa zinaishia uwanjani Don Bosco, basi dishi lilipo ndo tulipo.

Tukaingia, shikamoo mzee, marahaba, akasema kaeni lakini kelele sitaki, mama yenu kalala. Kelele hataki, na Hasheem yuko Final Four, timu nne za mwisho!

Mzee akauliza hiyo UConn ni timu gani, maana yeye anaijua Lakers tu. Tukampa darasa. Ni Chuo Kikuu cha Connecticut, kocha wa wakati huo Jim Calhoun alikuwa pale tangu 1986, nyota wa NBA Ray Allen katokea hapo na jezi yake ilikuwa 34, hiyohiyo aliyovaa Hasheem. 1999 wakawafunga Duke 77-74 kwenye fainali, Richard Hamilton akatupia 27, halafu 2004 wakabeba tena na Ben Gordon na Emeka Okafor ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Mzee akatikisa kichwa, akasogeza kiti karibu na tivii.

Aisee kuna kitu cha Hasheem ambacho ukisoma takwimu hukioni. Gadi wa Michigan State, yule anayeendesha mpira, anapita kwa spidi, kashamwacha mtu wake, njia nyeupe, halafu anainua macho anamuona yule jamaa chini ya ringi, anakata breki na mpira anaurudisha nje. Hakuna bloku hapo, yaani hakuna shuti lililozuiwa, hakuna kitu kimeandikwa, lakini shambulizi limekufa. Mara ya tatu mzee mwenyewe ndo akapiga kelele, "Kaogopa! Umeona kaogopa?" na mama akatoka chumbani na kanga yake kuuliza kuna nini, naye akakaa.

Ila Detroit iko jimbo lilelile la chuo cha Michigan State, uwanja watu zaidi ya 70,000 na wengi ni mashabiki wao, na UConn walikuwa bila Jerome Dyson aliyeumia goti Februari. Kipindi cha pili Durrell Summers wa Michigan State akamrukia Stanley Robinson wa UConn akadanki, uwanja ukalipuka, nikajua mambo yameanza kwenda kombo. Ikaisha 82-73. Iliniuma, iliniuma kweli, hakuna aliyelala na alfajiri tukatembea kurudi makwetu tunabishana njia nzima.

Juni 25 Memphis, timu ya NBA, wakamchukua namba 2 kwenye drafti, ile siku timu zinapochagua wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin tu, mbele ya James Harden na Stephen Curry. NBA haikumwendea vizuri na ndo maana siku hizi watu wanamtaja kama mfano wa makosa ya drafti, na mimi hilo linanikera sana maana wanaosema hivyo wengi hawakumuona chuoni. Msimu ule wa chuo alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi, akawa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyochezea UConn, mara ya pili mfululizo, na mchezaji bora wa ligi pamoja na DeJuan Blair. Kemba Walker aliyewapa UConn ubingwa 2011 alikuwa mwaka wa kwanza kwenye timu hiyohiyo.

Ukitaka kumjua Hasheem achana na Memphis, tafuta mechi ya Providence, Januari 2009: pointi 15, ribaundi 11, bloku 10.