Jina la Babu Mlangoni

Mabasi ya Lindi kwenda Dar es Salaam huondoka alfajiri, na bibi yangu haamini kwamba mtu anaweza kuagwa akiwa bado na tongotongo. Siku ile, mwishoni mwa Septemba 2023, aliniamsha saa tisa usiku ninywe chai. Nilipofungua mlango nitoe begi, nikakuta majirani sita barazani. Hakuna aliyewaita. Mmoja alileta korosho za kukaanga, wengine walileta dua, na yule wa nyumba ya nyuma alisema waziwazi kwamba amekuja kuona begi la mtu anayekwenda Ulaya linakuwa na ukubwa gani.

"Haya, mume wangu," bibi akasema, "ukifika usijifanye hunijui."

Ndio utani wetu tangu nikiwa mdogo. Jina langu la tatu ni la babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwa bibi hesabu ni rahisi: jina limerudi nyumbani, basi mwenyewe naye amerudi.

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja aliyekuwa anakwenda Muhimbili kumwona dada yake. Tulipofika Nangurukuru nilishajua dada anaumwa nini, tulipopita Somanga nilishajua shemeji ni mtu wa namna gani, na tulipovuka Daraja la Mkapa, mto Rufiji uko chini umejaa matope, yeye alishajua ninakwenda kusoma Leipzig, Ujerumani, na alishanitafutia mchumba. Hatukuulizana majina. Sikumbuki hata kama lilitupitia akilini.

Ndege ya usiku kutoka jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere, Addis Ababa, kisha Frankfurt: hapo sina la kusimulia, nililala. Kutoka Frankfurt nikapanda treni kwenda Leipzig, safari ya saa tatu na ushei. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mzee wa makamo mwenye koti la kijivu. Aliniuliza kama kiti kina mtu, nikatikisa kichwa, akakaa. Baada ya hapo kimya. Nikajaribu kumtazama kwa tabasamu la kuanzisha maneno, akageukia dirisha. Nikawaza labda nanuka safari. Halafu treni ikasimama katikati ya mashamba, sauti ikatangaza kwamba tutachelewa, na ghafla behewa zima likapata ulimi. Yule mzee alinigeukia akaongea kwa dakika kumi mfululizo, nami nikiambulia maneno mawili matatu ya Kijerumani nilichojifunza Dar. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba treni kuchelewa ni moja ya mambo machache ambayo Wajerumani wasiofahamiana huruhusiwa kuyazungumza. Treni ilipoondoka tu, alirudi dirishani kwake.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani lenye ngazi za mbao zinazolia. Nje ya mlango mkubwa kulikuwa na safu ya kengele, kila kengele na jina pembeni. Ndani ya mlango kulikuwa na masanduku ya barua, nayo kila moja na jina. Nililipita hilo bila kulifikiria, na ndilo lililonigharimu.

Sisi barua hazitufuati nyumbani. Zinakaa posta, kwenye S.L.P. ya shule, ya msikiti au ya mjomba mwenye kazi ya serikali, na wewe ndiye unayezifuata. Mwaka 2022 walikuja vijana wa anwani za makazi wakabandika vibao vya namba kwenye nyumba, na chetu kipo hadi leo, lakini ukimuuliza mtu nyumba ya bibi iko wapi hakutajii namba. Atakwambia pita mwembe, ulizia kwa mama mwenye mashine ya kusaga.

Leipzig hakuna pa kuulizia. Benki ilinitumia kadi kwa posta, na namba ya siri kwenye barua nyingine, kwa usalama. Zote mbili zikarudi zilikotoka kwa kuwa sandukuni hapakuwa na jina langu. Posta ilikuja hadi mlangoni, ikasoma majina yote, ikaona sipo, ikaondoka. Mimi nilikuwa ghorofa ya tatu, natazama simu, nangoja kadi. Wiki mbili niliishi kwa fedha taslimu nilizokuja nazo na kwa mkate. Barua ya kwanza kunifikia, jina lilipobandikwa, ilikuwa ya kunidai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Sikuwa na redio wala televisheni. Inalipwa kwa kila nyumba, uwe navyo usiwe navyo.

Wenyewe wanaona haya mambo ni mepesi. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie unatakiwa ukajiandikishe ofisi ya mji, na barua ya mwenye nyumba mkononi. Wanafunzi wenzangu kutoka nchi nyingine walilalamika kweli kuhusu karatasi hiyo. Mimi niliitambua mara moja: ni ile barua ya serikali ya mtaa. Tofauti ni kwamba kwetu mjumbe wa nyumba kumi anakuandikia kwa sababu anakujua, na asipokujua atamwita anayekujua. Yule dada wa dirishani Leipzig hakuhitaji kunijua hata kidogo. Alitaka karatasi, akaipata, akagonga mhuri, akanitakia siku njema, na kazi yote haikufika robo saa. Nisiwe mnafiki: nilipenda. Hakuna aliyeniambia njoo kesho, hakuna aliyetaka ya soda. Nikatoka nje nikiwa mkazi halali wa mji ambao hakuna mtu hata mmoja aliyejua kwamba nimefika.

Na mlangoni hawakuandika jina langu. Waliandika la mwisho peke yake, kama wafanyavyo kwa kila mtu. Kwao jina la mwisho ni la ukoo, lako na la ndugu zako wote. Kwangu ni la babu, mtu mmoja, aliyewahi kuwa na mashamba mawili ya korosho na ambaye, kwa simulizi za bibi, hakuwahi kufika hata Dar. Chuoni walimu wakaniita kwa jina hilo. Hospitalini wakaliita kwa sauti. Mwezi wa kwanza nilikuwa nageuka nyuma kumtafuta babu.

Hospitali yenyewe ina kioja chake. Ndani ya tramu watu hawasalimiani, unaweza kukanyagwa mguu na bado mkaachana kimya. Lakini kwenye chumba cha kungojea daktari kila anayeingia anawasalimia wote, na wote wanaitikia, na anayetoka anawaaga. Sijui wagonjwa wamekubaliana lini. Siku ya kwanza kusalimiwa vile karibu niulize za nyumbani.

Salamu ilinikuta pia mahali nisipotarajia. Chuo Kikuu cha Leipzig, kilichoanzishwa mwaka 1409, kinafundisha Kiswahili. Binti mmoja Mjerumani wa rika langu alinisimamisha ngazini akasema, taratibu, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Shikamoo." Nilibabaika. Nikisema marahaba nimejifanya mkubwa wake, nikimwambia tuko sawa nimemvunja moyo. Nikaitikia. Ni yeye aliyenikumbusha kwamba neno letu shule ni lao, na hela pia, iliyotokana na sarafu ya enzi zao Afrika Mashariki. Nimetumia maneno hayo maisha yangu yote bila kufikiri. Hela za shule: tumetoa kwao yote mawili.

Jumapili nitazisema kwa kifupi kwa kuwa hazina urefu wowote: maduka yamefungwa, usipige nyundo, usitupe chupa za kioo kwenye pipa lake kwa sababu zinalia. Kurudisha chupa dukani upewe senti zako 25 hakukunishangaza. Nani aliwahi kuondoka na chupa ya soda kwa Mangi? Giza ndilo lililonishinda. Desemba jua la Leipzig linazama saa kumi. Nilikuwa naswali magharibi wakati ambao mwili wangu wote unasema ni alasiri, kisha jioni nzima inanitazama kama deni.

Katika giza hilo ndipo nilipomjua jirani. Nilikuta kikaratasi sandukuni: mzigo wangu umeachwa kwa fulani, ghorofa ya pili. Kumbe wana desturi ya kupokeleana mizigo, hata wasiojuana. Nikashuka, nikasimama mbele ya mlango wake, na kabla sijabonyeza kengele mdomo ulishasema, "Hodi!" kwa sauti ya Lindi. Mlango ukafunguka. Bibi mfupi, nywele nyeupe, mzigo wangu mikononi. Akalitaja jina la babu, kalitamka sawasawa kuliko walimu wote. Alikuwa amelisoma mlangoni kila siku kwa miezi miwili, akaniambia, akijiuliza ni la nchi gani. Miezi miwili! Ningekuwa kwetu ningekuwa nimeshaulizwa kabla sijatua begi. Lakini ndivyo adabu yao ilivyo: kutomuuliza mtu ni kumheshimu. Kwetu kutomuuliza ni kumsusa. Nilimshushia kikombe cha korosho zilizobaki, akanirudishia kikombe kikiwa na biskuti za Krismasi. Hapo nikapumua, maana kikombe hakikurudi kitupu.

Nilipomwambia natoka Lindi, akafikiri kidogo, akasema: Tendaguru.

Ni kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale. Mimi niliyezaliwa Lindi sikuwahi kufika huko, kilomita kama 60 kutoka mjini. Yeye alipelekwa na wajukuu zake Berlin kuona mifupa hiyo.

Novemba ya mwaka huo, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa amekwenda Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya wakati wa vita vya Maji Maji. Darasani kwetu habari hiyo ilipita kwa dakika tano. Mimi ilinikaa. Januari nikachukua tiketi ya mwezi ya treni za mikoani, euro 49, nikaenda Berlin kwa treni za polepole, nikabadilisha Wittenberg. Rafiki yangu Mlutheri wa KKKT, mtu wa Njombe, hadi leo hajanisamehe kwamba nilipita mji wa Martin Luther nisitoke nje ya stesheni.

Kwenye Makumbusho ya Maumbile Asilia nililipa kiingilio, nikaingia ukumbi mkubwa, na mjusi wetu alikuwa amesimama pale. Mita 13.27 kwenda juu. Shingo inapanda hadi unasikia shingo yako inauma. Watoto walikuwa wanakimbia chini ya mbavu. Mifupa ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, vita vya Maji Maji na njaa yake vimeisha juzi tu, na watu wa kwetu waliibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa. Bandari hiyo ndiko tulikokuwa tunaogelea tukitoroka shule.

Nilisoma jina lake: Giraffatitan brancai. Brancai ni heshima kwa Branca, mkurugenzi wa makumbusho enzi hizo. Nilikuwa nimeshasoma habari za Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, aliyeijua ile mifupa ardhini kuliko mabwana zake wengi. Naye alikuja kupewa mjusi, mwingine, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Karibu karne moja. Wale waliobeba hawakupewa hata ukucha. Nilisimama pale na koti zito, nikifikiri juu ya nchi inayoweza kurudisha barua ya mtu kwa kukosa jina sandukuni, na ikapokea tani 200 kutoka kwa watu isiowataja.

Sikukaa sana. Miguu ilikuwa ya baridi na treni ya polepole haimngoji mwenye majonzi.

Usiku, Leipzig, nikampigia bibi kwa video. Binamu yangu alishika simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umemwona huyo mjusi?"

"Nimemwona. Ni mrefu kuliko minazi."

"Na waliombeba wameandikwa?"

Nikamwambia sikuwaona. Akanyamaza kidogo, akauliza kama babu mzaa babu hakuwemo miongoni mwao, nikamwambia yeye ndiye angejua, akasema hajui, hakuna aliyemsimulia. Kisha ili kumchangamsha nikashuka ngazi, nikamwelekezea simu kwenye kengele za mlango. Taa ya nje ilikuwa inawaka. Binamu akamsomea majina moja baada ya jingine, ya Kijerumani yakimkwama kooni, hadi akafika la babu.

Bibi akamnyang'anya simu akaisogeza hadi nikawa naona jicho moja tu.

"Kwa hiyo ndiko ulikohamia," akasema. "Umeandikisha nyumba, umeweka jina mlangoni, na mimi mkeo umeniacha huku na kibao cha namba."