Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa mabadiliko ya mifumo ya kompyuta

Saa 2 asubuhi nafungua foleni ya maombi. Leo yako 31. Kila moja ni mtu anayetaka kuongeza, kurekebisha au kuondoa kitu kinachoweza kugusa huduma, na kazi yangu ni kusema ni la aina gani kabla hajagusa chochote. Wengi wanadhani nipo kuwachelewesha watu kwa fomu. Inaniuma, kwa sababu naipenda kazi hii.

Aina ni tatu. Mabadiliko sanifu yameshafanywa mara nyingi, hatua zake zimeandikwa, hatari yake inajulikana na idhini ilitolewa mapema. Fundi anaandika tiketi na kuendelea. Ya kawaida hupimwa, huidhinishwa na kupangiwa muda. Ya dharura ni pale huduma imeanguka au kuna tundu la usalama lisilongoja. Jina hilo la kati ndilo linalonitesa: mtu akisikia "kawaida" anadhani ruhusa haihitajiki. Ndiyo maana nang'ang'ania "sanifu", kama tusemavyo Kiswahili sanifu, kitu kilichokubaliwa kikaandikwa.

Hadi saa 5 nimepitisha 19. Mawili nimeyarudisha, fundi alitumia kiolezo cha seva moja kwa seva nyingine.

Saa 5 na robo likaingia ombi la dharura: kubadili muundo wa jedwali la miamala kwenye kanzidata, yaani ghala la data la mfumo, usiku huohuo. Nikampigia kiongozi wa mradi.

"Kaka, nini kimeharibika?"

"Hakijaharibika kitu, dada. Tumemwahidi mteja kesho asubuhi."

"Basi hiyo ni ahadi."

Hakupenda. Nikashuka hadi sehemu ya kurudi nyuma endapo mambo yataharibika. Alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Tutarejesha nakala rudufu." Kwa muda gani? Kimya. Nikamwomba fundi wa kanzidata ajaribu urejeshaji huo kwenye seva ya majaribio, nami nikakaa naye tukitazama namba zikipanda polepole. Dakika 52. Muda waliouomba ulikuwa dakika 30. Nilimpelekea jibu hilo, akaenda kwa mkuu wake, mkuu akaja kwangu, nikaeleza upya, kisha wakaitana wote kwenye simu nikaeleza mara ya tatu, sauti imeshaanza kukauka. Mchana ukapita sijala. Mwishowe wakakubali: ombi la kawaida, kesho kutwa, muda wa saa mbili nzima za kazi, na mtu maalumu wa kuamua kurudi nyuma. Kiongozi wa mradi alikata simu bila kuaga.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Kikao cha bodi inayoidhinisha mabadiliko kilichelewa kuanza. Katikati yake mfumo wa kuingia kazini ukaanguka, dharura ya kweli. Nilimpata mwidhinishaji kwa simu, fundi akaanza papo hapo, maelezo kamili tukayaandika huduma iliporudi. Yule wa asubuhi angekuwepo angeona kwamba tunajua kukimbia.

Jua linazama nikarudi kwenye kazi niliyoitaka tangu Jumatatu: kusanifisha ubadilishaji wa vyeti vya usalama vya tovuti, vile vinavyokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni ya kweli. Tangu 2020 cheti kilidumu siku zisizozidi 398. Mwaka 2025 jukwaa la watoa vyeti na watengeneza vivinjari lilipiga kura kupunguza: siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 mwaka 2027, na 47 ifikapo Machi 2029. Kila cheti kikipelekwa kwenye bodi, bodi haitafanya jambo jingine. Kwa hiyo nimeandika hatua tisa pamoja na mafundi, nikaweka mipaka: tovuti zilizoorodheshwa tu, cheti cha zamani kihifadhiwe, na hitilafu ikitokea mara moja kiolezo kinasimamishwa hadi tujue sababu.

Bodi iliidhinisha jioni hiyo. Nikiwa nakusanya vitu vyangu, tiketi ya kwanza ikaingia kutoka kwa fundi mgeni kabisa kazini. Nilisimama na mkoba begani nikaisubiri. Baada ya dakika 11 ikasomeka "imekamilika", tovuti inafunguka, hajampigia mtu simu.