Dawa ya kondoo

Nesi alinipima tumbo kwa ule utepe kama wa fundi cherehani, akaangalia, akapima tena, halafu akamwita mwenzake. Mimba ilikuwa wiki ya 29 na kwa kawaida utepe unatakiwa usome karibu na namba hiyo hiyo kwa sentimita, wangu ulikuwa unasoma 24. Hakunambia kitu ila "mamangu, leo usirudi nyumbani kwanza", nikajua tu hapa pana jambo.

Hii ilikuwa Mombasa, 2019. Kwenye skeni daktari aliweka sauti tukasikia, moyo wa mtoto unapiga vizuri tu, ila kwenye mshipa wa kitovu damu inaenda inasimama, inaenda inasimama, na haitakiwi kusimama hata kidogo, inatakiwa iendelee kupita hata katikati ya mapigo. Akatueleza kwamba kondo la nyuma limechoka, chakula na oksijeni hazimfikii mtoto vya kutosha ndio maana hakui. Mimi nikasema si unipe dawa basi akue? Akasema dawa ya kumkuza mtoto akiwa tumboni haijapatikana, si hapa si Ulaya, na wala si mambo ya kula. Hapo mamangu akainamisha uso maana mwezi mzima alikuwa ananishindilia tende na maziwa na maini ya kuchoma mpaka nikawa nayaota.

Sasa nina wifi yangu yuko Uingereza, akishika simu haachi. Akatuma voice note kwamba amesoma kuna dawa inaitwa sildenafil, inafungua mishipa, kondoo wenye mimba wamepewa na watoto wao wakanenepa, mwambieni huyo daktari wenu. Mume wangu akaigugo pale pale kitandani kwangu, nikaona uso umembadilika. Kumbe ni Viagra! Bwana aliona haya kuuliza mpaka nikauliza mwenyewe, na mamangu kakaa pembeni, Viagra haijui alhamdulillahi.

Daktari wala hakucheka, nafikiri sikuwa wa kwanza. Akasema ni kweli ilijaribiwa kwa kondoo lakini hata hao kondoo hawakukubaliana, kuna utafiti watoto waliongezeka uzito, kuna mwingine damu ya kwenda kwenye mji wa mimba ikapungua na mtoto akakosa oksijeni zaidi. Watafiti wakaenda kuijaribu kwa akina mama. Uingereza dawa haikusaidia kitu, na Uholanzi ndio balaa, Julai 2018 walisimamisha utafiti ghafla kwa sababu watoto walikuwa wanazaliwa na shida ya mapafu, watoto 11 ambao mama zao walipewa dawa wakafa. "Mimi siwezi kukupa hiyo, dada," akasema, na akanyamaza. Nilikasirika jamani, tena si kwake, kwa hao wanaoandika "dawa yapatikana" wakati kilichopatikana ni mwanakondoo mnene.

Akasema nitakachokupa ni dexa, yaani dexamethasone, dawa ya aina ya homoni, sindano nne kila masaa 12, haitamkuza mtoto ila itamkomaza mapafu, maana huyu tutamtoa mapema kabla hajaishiwa pumzi humo ndani. Mamangu akadakia, "Na hiyo nayo imetoka kwa kondoo?" Daktari ndio akacheka sasa, akasema hiyo mama ndiyo ya kondoo hasa.

Akatupa kisa chake huku nesi anavuta dawa kwenye bomba. New Zealand, miaka ya sitini, daktari mmoja anaitwa Liggins alikuwa anatafuta ni kitu gani kinaanzisha uchungu wa kuzaa, akawa anawapa homoni za aina hiyo wanakondoo wakiwa bado tumboni. Wakazaliwa kabla ya wakati. Mmoja akamkuta anapumua, na kwa umri ule mapafu yangekuwa yameshikana, alitakiwa awe ashakufa zamani. Hakuwa anatafuta mapafu kabisa! Akaandika habari hiyo 1969, halafu yeye na mwenzake Howie wakajaribu kwa akina mama wa Auckland, matokeo yakatoka 1972. Mamangu alisikiliza yote akasema subhanallah, nami sindano ikaingia takoni, inauma ile kitu usiambiwe.

Na watu wasidhani hiyo ni habari ya wazungu tu, 2020 WHO ilitoa matokeo ya utafiti wa dexa uliofanyika nchi tano na Kenya ikiwemo, kila mama 25 waliopewa mtoto mmoja wa ziada aliokoka.

Sindano zilikwisha, wakasubiri kidogo zifanye kazi, halafu ile damu ikazidi kuwa mbaya wakanipeleka thieta usiku. Gramu 940. Nilikuwa nimeambiwa nisishtuke asipolia, lakini alilia, sauti kama ya paka aliyefungiwa kabatini, na nesi akasema "huyu ana kelele huyu". Alikaa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua, kisha kifuani kwangu siku nyingi, mtindo wa kangaruu, mpaka ngozi yangu ikawa na harufu yake.

Akika tulichelewa, tuliifanya alipotoka hospitali na kushika uzito. Mume wangu alikuwa ashaongea na mtu wa kondoo, mamangu akakataa katakata, akasema kondoo ashatoa mchango wake kwa mtoto huyu, mwacheni. Tukanunua mbuzi, na bei ilikuwa ya kukomolewa.